Ngozi ya Koko Ndani ya Jungu la Gesi

Hiyo video yenu nimeiona. Binti yangu Mwende ndiye alinionyesha tukichambua maharagwe, akasema, "Mama, si hapa ni kule kwenu kazini?" Nikavaa miwani. Ni pale pale. Jungu ni lile lile la chuma, hata ule mkwaruzo kwenye kifuniko uko. Na ninyi mmesimama mbele yake na makoti meupe ambayo hayajawahi kuonja doa, mnaonyesha kidirisha cha kioo kilichojaa ukungu kama maji ya mchele, na mnapiga makofi. Chini mmeandika eti sayansi ikiwa kazini.

Haikuwa kazini. Ilikuwa imeshakufa, na ninyi mlikuwa mnashangilia kwenye matanga.

Mimi ni Mama Mwende. Niliendesha hilo jungu la Kitengela tangu lilipotolewa kwenye sanduku la mbao mpaka magoti yaliponikataa. Kama jina langu hamlijui, ulizeni nani alichora ule mstari mwekundu kwenye geji ya presha. Nimesikia mnafikiri ni urembo. Kaeni chini basi niwaambie, na msitarajie upole, kwa sababu upole niliurudisha stoo pamoja na ovaroli siku niliyostaafu.

Kiwanda kile kilianza na ngozi za kondoo. Ngozi zilitoka Bisil siku za soko, na zingine Kiserian, na kama mmewahi kushika ngozi mbichi ya kondoo mnajua ni mafuta matupu. Wenzetu wa viwanda vingine waliziosha kwa maji mengi na dawa za kunuka, halafu uchafu wakaumwaga wanakojua wenyewe. Sisi tulitumia gesi. Si gesi ya kupikia, tafadhali. Ni gesi ya soda, ile inayokupandia puani ukinywa haraka. Ukiipasha joto la mchana wa kawaida kule Magadi na ukiikandamiza kwa presha kubwa sana, inaacha kuwa gesi na pia haikubali kuwa maji. Inakuwa kitu cha katikati. Inapenya kila kitundu kama hewa, na inabeba uchafu wa mafuta kama petroli. Ukimaliza unaiachilia, inajiendea, na ngozi inabaki kavu.

Hapo ndipo vijana wengi huacha kusikiliza. Wanadhani wameelewa.

Kuna shida. Hiyo gesi na maji ni wake wenza, hawakai nyumba moja. Ukimwaga maji ndani ya jungu yanalala chini huko yakinuna. Na uchafu wa ngozi si mafuta peke yake. Kuna chumvi, jasho, damu, mkojo, na vyote hivyo havitoki bila maji. Kwa hiyo ulihitaji mtu wa kuwapatanisha hao wake wenza, na huyo mtu alikuwa Daktari Nekesa.

Daktari Nekesa alikuwa mwanakemia kutoka Bungoma, amepanga chumba nyuma ya soko la Kitengela, sahani mbili na vitabu mpaka kitandani. Aliimba nyimbo za kanisa chini kwa chini akitazama geji, na ukimkatiza kabla ya kiitikio anakuangalia kama umekojoa kwenye kisima. Mara ya kwanza nilipofungua valvu mbele yake alisema, "Mama Mwende, mkono wako una haraka kuliko gesi yenyewe. Nani anakufukuza?" Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikaona hata yeye mwenyewe hujisemesha hivyo.

Alinifundisha mambo ya sabuni tukiwa Bisil, tumeenda kuchagua ngozi. Alisimama karibu na birika la kunyweshea mifugo akaniambia nitazame mbuzi. Nikatazama. "Vichwa viko wapi?" Ndani, kwenye maji. "Na mikia?" Nje. "Sasa fikiria birika ni tone la maji dogo hata darubini haioni, na mbuzi ni sabuni. Hiyo ndiyo kazi yote. Kichwa kinapenda maji, kinabaki ndani. Mkia lazima upendwe na gesi iliyo nje. Tone likizungukwa hivyo, gesi hailioni kama maji tena, inalibeba tu." Mchungaji aliyekuwa hapo alituangalia, wanawake wawili wazima wakihesabu mikia ya mbuzi, akaondoa mifugo yake polepole.

Na hapo ndipo ujinga wa meneja wetu unaingia. Jina lake sitalitaja, bado ana watoto. Sisi tulimwita Sabuni ni Sabuni.

Sabuni ya Daktari ilikuja kwenye kopo dogo, nzito kama asali, na kuipata ilikuwa taabu. Mkia wake ulikuwa umetengenezwa makusudi, kwa sababu mkia wa sabuni ya kawaida unapenda mafuta, na gesi haina habari nao. Meneja alipoona kopo alicheka. Akaenda dukani akarudi na sabuni ya unga, ile ya kufulia jeans, akasema, "Sabuni ni sabuni. Mama yangu alitufulia na hii na tukasoma mpaka chuo kikuu." Daktari alimwambia haitayeyuka kwenye gesi. Meneja akasema wasomi wa Kenya wanapenda kufanya vitu viwe vigumu. Basi tukaweka unga wake. Tukapandisha presha, tukakoroga, tukangoja. Tulipofungua tulikuta chini ya jungu uji wa samawati, na ngozi juu yake imekaa kama ilivyoingia, inanuka kondoo na maua. Meneja alisema tulikoroga vibaya.

Asiyejua maana haambiwi maana. Ila mimi niliweka ule unga uliobaki kwenye rafu ya juu. Moyo uliniambia utatumika.

Sasa nisikilizeni kuhusu kioo, maana ndiyo sababu nimeketi na mafua haya kuwaandikia. Ukiweka maji kidogo, sabuni ya kweli na gesi, kioo mwanzoni kinakuwa cheupe. Maji bado yamekasirika. Unapandisha presha polepole. Ukifika kwenye mstari wangu mwekundu, ukungu unakatika, na kioo kinakuwa wazi kabisa, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Mjinga akitazama anasema hakuna kitu. Kumbe maji yote yako pale, yamebebwa, na yanafanya kazi. Ukishusha presha gesi inapoteza nguvu ya kuwabeba mbuzi na birika lao, kila kitu kinaanguka, na kioo kinarudi kuwa cheupe. Kwa hiyo cheupe ni maji kuanguka. Wazi ni maji kubebwa. Daktari alikuwa akiniuliza swali moja kila asubuhi badala ya salamu: "Maji yako wapi?" Ukishindwa kujibu, hugusi valvu.

Na kutoa hayo maji kuna njia yake. Hufungui jungu hivi hivi. Unaingiza gesi safi upande mmoja, presha ikiwa pale pale juu, nayo inasukuma ile yenye maji itoke upande wa pili, iende kwenye chombo kingine. Huko ndiko unashusha presha, maji na uchafu vinaanguka huko, mbali na ngozi. Kioo cha jungu hakipaswi kuwa cheupe tena mpaka mwisho. Mmesikia? Na hiyo gesi inayotoka ipelekeni nje kwa paipu. Haina harufu na inalala chini. Fundi mmoja aliinama kuokota spana akakaa sakafuni akitabasamu kama mlevi wa harusi, ikabidi tumvute kwa miguu. Mpaka leo anasema alikuwa amepumzika.

Kulikuwa na msichana kwenye meza ya kupanga ngozi, Nashipae, wa Bisil. Mtulivu, mchapakazi, alikuwa karibu kuolewa. Siku moja alikuja na kifurushi kwenye leso, akakifungua mbele ya Daktari. Ilikuwa sketi ya ngozi ya harusi, ya zamani, imeshonwa shanga kwa uzi wa kano, imepakwa udongo mwekundu na mafuta ya kondoo miaka na miaka mpaka ikawa na rangi ya jioni. Mama wa bibi yake ndiye aliishona. Ilikuwa kwenye sanduku la bati pamoja na chumvi ya ng'ombe, paa likavuja, chumvi ikayeyuka ikanywewa na ngozi. Sasa ilikuwa na maganda meupe kila mahali, na mvua ikinyesha inatoa jasho, inazidi kuoza.

"Ukiosha na maji, udongo unatoka na ngozi inakauka kama bati," alisema Nashipae. "Nimeuliza kila dobi. Na koko amekataa ile ya kukodi."

Koko ni bibi yake. Alikuja mwenyewe siku iliyofuata, mrefu, mkavu, macho yameanza kuingia wingu. Nikamsalimu kwa adabu, "Takwenya, koko." Akaitikia, "Iko," akaketi bila kuambiwa. Akasema, "Hiyo ya kukodi wamevaa wasichana wangapi? Mimi sibariki nguo ya watu. Na hii, macho yangu imeisha, siwezi shona ingine. Mkiharibu, mtoto ataenda na gauni ya duka na mimi nitabaki nyumbani."

Nashipae aliangalia chini. Nilijua hakuwa anaogopa gauni. Alikuwa anaogopa kutoka nyumbani kwao bila bibi yake mlangoni.

Daktari aliishika ile ngozi muda mrefu bila kuimba. Kazi ilikuwa ngumu pande zote. Presha ikiwa chini, maji yanaanguka juu ya ngozi. Presha ikizidi sana, gesi inaanza kubeba mafuta ya kondoo pia, na yale mafuta ndiyo yanashika udongo, tena ndiyo baraka zenyewe. Kulikuwa na nafasi nyembamba hapo katikati. Alijaribu kwa vipande vya ngozi nzee, akapandisha, akashusha, mpaka akaipata. Hapo ndipo mimi nilichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya Mwende. Sasa mnajua.

Sabuni ni Sabuni naye akasikia. Alikuwa anatafuta wageni wa kuja kuwekeza, akaona hii ni bahati: mila na teknolojia, bibi na mashine. Akaita wageni na watu wa kamera. Daktari akamwambia waje alasiri, kazi ikiisha. Akawaleta asubuhi.

Wakati wanaingia, kioo kilikuwa wazi kabisa. Chumvi ilikuwa inatoka, sketi inaelea taratibu, shanga unaziona moja moja. Daktari alikuwa nyuma ya jengo akibadilisha silinda ya ile gesi safi ya kusukumia. Koko alikuwa ameketi kando ya jungu, Nashipae amesimama nyuma yake, na mimi niko kwenye valvu. Meneja alikuja na suti ya kijivu na viatu vya kumeremeta, akanyoosha mkono kwenye kioo.

"Mnaona? Safi. Maji imeisha yote. Mama, fungua tuonyeshe wageni."

"Bado, bosi. Maji yako ndani."

"Wapi? Si unaona hakuna kitu?"

"Ndiyo maana hayaonekani. Ngoja Daktari aunganishe silinda. Haraka haraka haina baraka."

Akawageukia wageni akacheka kile kicheko cha meneja, cha kuomba wenzake wacheke pia. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akapitisha mkono mbele yangu na kuzungusha valvu ya kutolea. Nilimshika mkono. Alikuwa na nguvu kunishinda, na mtu wa kamera alikuwa amenibana kiwiko akitafuta picha nzuri.

Kioo kikawa cheupe, pwaa, kama mtu amemwaga maziwa.

Na wageni wakapiga makofi.

Nataka mlifikirie hilo, ninyi wa video. Watu wazima, waliosoma, wenye tai, walipiga makofi wakiona ngozi ya mama wa watu inanyeshewa. Meneja naye akapiga. Mmoja akasema ni maajabu. Koko peke yake hakupiga. Macho yale yenye wingu yaliona kuliko yetu sote. Akauliza, "Kwa nini mnafurahi? Hiyo si ni mvua inanyesha huko ndani?"

Nilimsukuma meneja kwa nyonga, na niko na nyonga ya Mkamba aliyebeba maji, akaenda mpaka ukutani. Nikafunga valvu. Daktari alikuwa ameshasikia mlio, akaingia mbio na spana mkononi akisema, "Presha, Mama Mwende, presha!" Nikawasha pampu. Maana hiyo ndiyo huruma ya kitu hiki, na ninyi hamjafundishwa: sabuni ikiwa ya kweli, ukirudisha presha na kukoroga, mbuzi wanarudi birikani wenyewe. Kioo kilibaki cheupe, kikabaki cheupe, nikamsikia Nashipae akipumua nyuma yangu. Halafu ukungu ukakatika. Nikaona ukuta wa nyuma.

Wageni wakashusha mikono. Mmoja akanong'ona kama mashine imeharibika. Meneja akamwambia ni hitilafu ndogo, mafundi wanashughulikia. Nyinyi mnanisikia lakini? Kikiharibika walipiga makofi, kikipona wakauliza nini kimeharibika. Mwingine akatoka nje kupiga simu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona.

Tukasukuma ile gesi ya maji kwa gesi safi, taratibu, Daktari akiimba sasa kwa sauti. Kwenye chombo cha pili chumvi ilishuka na maji yake, chafu kama maji ya kuoshea miguu. Tukashusha presha kidogo kidogo ili baridi ya gesi inayotoka isipasue shanga. Tukafungua boliti.

Sketi ilitoka laini. Udongo mwekundu uko, mafuta yake yako, chumvi hakuna. Nashipae aliichukua akaipitisha vidoleni, akafika kwenye mkunjo wa upande wa kushoto, akasimama. Matone yalikuwa yamekusanyika hapo. Palikuwa na sehemu ya ukubwa wa kiganja, rangi imekimbia, ngozi imekauka ngumu kama ya ngoma. Msichana alilia bila sauti. Mimi nilisikia hasira mpaka meno yakaniuma, na sijui kama imeniisha.

Koko alipapasa hapo. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo kuukuu la vaseline lenye mafuta ya kondoo. Akauliza, "Nani alifungua?"

 Sote tuligeukia ukutani, kwa meneja.

"Ilikuwa hitilafu ya mitambo, shosho," meneja akasema.

"Leta mikono," koko akasema.

Nilidhani atakataa. Lakini kamera zilikuwa zinamtazama na alikuwa amewaambia wageni jinsi anavyoheshimu mila. Akapiga magoti sakafuni na ile suti, koko akampakia mafuta viganjani, akamwonyesha jinsi ya kusugua. "Huko ni kupapasa. Sugua." Akasugua. Akichoka koko anaongeza mafuta. "Bado." Alisugua mpaka jasho likamtoka puani, mpaka ngozi ikaanza kukunjika tena kama inavyotakiwa. Ugumu ulitoka. Rangi haikurudi, na koko alijua haitarudi, lakini hakumwambia aache upesi.

Alipoinuka mikono yake ilikuwa inanuka zizi zima. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu cha kunawia. Nikapanda kiti, nikamshushia ule unga wake kutoka rafu ya juu.

"Sabuni ni sabuni, bosi," nikamwambia.

Wageni hawakuwekeza. Daktari alienda kufundisha kwingine, na nasikia hao anaowafundisha wanateseka vizuri. Meneja alipandishwa cheo, kama kawaida ya nchi hii. Na jungu mmeachiwa ninyi, mnaopiga picha ukungu kwa sababu ukungu unapendeza, na kioo kilicho wazi hakina wa kukitazama. Sasa mkiona kioo kimekuwa cheupe, wekeni simu chini, fungeni valvu, rudisheni presha, kisha mwulizane maji yako wapi. Mkilijua jibu, niiteni nije kuwapigia makofi mimi mwenyewe, na magoti haya.

Nilienda harusini Bisil. Koko alikuwa mlangoni. Alimpaka Nashipae mafuta, akambariki kwa maneno ambayo sikuyaelewa yote, na sketi ilicheza na shanga zake kila alipopiga hatua. Shangazi mmoja wa upande wa bwana arusi aliinama kuitazama, akaona lile baka upande wa kushoto, lenye rangi hafifu kuliko kwingine. Akamuuliza koko hapo palifanyika nini.

"Hapo," koko akasema, "ni mahali watu wa Kitengela walipiga makofi."